Vidole Viwili Chini ya Futi

Karatu, Jumamosi jioni

Aika mwanangu,

Umekwenda kanisani kuwaaga wanakwaya wenzako, na kwa ninavyowajua, mtaimba nyimbo nne kabla ya kupeana mikono. Kwa hiyo nina muda. Nimeifunika cherehani, nimegeuza ubao wa kukatia nguo kuwa meza, na nimeazima kalamu yako ya bluu bila kukuomba.

Sitakuandikia habari za sweta na soksi. Unajua kwamba Endulen kuna baridi, na sanduku lako umelipanga vizuri kuliko ambavyo ningelipanga mimi. Wala sitakufundisha kupika au kusalimia wakubwa. Kama hayo hukuyajua hadi leo, basi aliyefeli ni mimi, na barua haitasaidia kitu.

Nakuandikia kwa sababu ya ile barua ya mwalimu mkuu. Uliisoma kwa sauti humu ndani huku ukicheka: nyumba za walimu zimejaa, kwa hiyo mwalimu mgeni atakaa kwa Mwalimu Paulina, ambaye amejitolea mwenyewe kumpokea. Ukaniuliza, "Mama, si yule aliyekuwa hapa hapa Karatu?" Nikasema ndiye. Ukasema una bahati, kuanza kazi ugenini na kumkuta mtu wa nyumbani. Mimi nikainama kutafuta sindano iliyoanguka. Hakukuwa na sindano yoyote, Aika. Sikutaka uuone uso wangu.

Nilimkosea sana mwanamke huyo. Nilimwibia, kisha nikamsingizia ili wizi wangu usijulikane, na kwa sababu ya uongo wangu aliolewa bila shela mbele ya watu wote. Sasa wewe unakwenda kula ugali kwenye meza yake na kulala chini ya blanketi lake. Siwezi kukuacha uingie nyumba ile ukiwa hujui mwenye nyumba ni nani kwetu. Nimejaribu kukuambia kwa mdomo wiki nzima. Jana nilianza, nikaishia kukuuliza kama umekula.

Wewe ulikuwa na miaka kumi. Ilikuwa miaka ile ya baada ya vita, nguo zilipokuwa adimu, na sabuni pia, na watu wakapanga foleni dukani bila kujua kimeletwa nini. Mimi nilikuwa fundi niliyetoka Moshi, na Karatu nzima ilijua hivyo kwa sababu nilihakikisha inajua. Baba yako alikuwa amerudi kwao na hakuandika tena. Kitu pekee nilichobaki nacho cha kujivunia mbele za watu kilikuwa mkono wangu. Nilipenda kusema, "Macho hudanganya, futi haidanganyi," na wateja walinirudishia maneno hayo kama mstari wa Zaburi.

Paulina alikuja mwezi wa nane. Alikuwa mwalimu kijana, msichana wa Kiiraqw, mwembamba, mwenye kuongea taratibu. Kaka yake alikuwa utingo wa malori ya Kenya, na alimletea satini nyeupe yenye maua madogo yaliyofumwa humo humo kwenye kitambaa, usiyoyaona mpaka mwanga uyapige kwa upande. Sijawahi kushika kitambaa kama kile. Alikileta kimefungwa ndani ya shuka, na shuka ndani ya kanga, akaniambia, "Fundi, kipo hiki tu. Ukikosea hakuna kingine."

Tulikaa hapa mchana mzima tukilichora gauni lake. Nakuambia kweli, sijawahi kufurahia kazi kama siku ile. Alitaka mikono mirefu inayoishia kwa ncha juu ya kiganja, vifungo kumi na vinne mgongoni vilivyovishwa satini ile ile, na sketi inayofunguka anapogeuka. Kisha akasema, kwa aibu kidogo, kwamba anataka mstari wa shanga kiunoni, kama ule uliokuwa kwenye sketi ya ngozi ya bibi yake. Nilimcheka kwanza. Satini na shanga za bibi! Akachukua chaki yangu akachora kwenye ubao, mstari mmoja mwembamba, nikaacha kucheka, maana lilikuwa wazo zuri kuliko yangu yote. Nikampima. Kiuno inchi ishirini na saba. Nikaandika kwenye daftari.

Sasa sikiliza jinsi mambo yalivyoharibika, maana hayakuharibika kwa kishindo. Kwetu mafundi kuna desturi kwamba kipande kinachobaki ni cha fundi. Mteja hakiulizi, fundi hakisemi, na kikitosha kola ya mtoto au mfuko, basi. Ni desturi isiyo na ubaya. Lakini fundi mwenye tamaa hujifunza kukifanya kipande kibaki, na mimi nilikuwa nimejifunza hilo zamani.

Kwaya ya watoto ilikuwa imeamua kwamba Krismasi wote wavae gauni jeupe. Ulikuja nyumbani ukaniambia mara moja tu, kisha hukurudia, kwa sababu ulishajua kwamba nyeupe haipatikani. Kunyamaza kwako ndiko kulikoniuma. Mtoto wa fundi asimame nyuma ya wenzake na gauni la njano! Nilijiambia nafanya kwa ajili yako. Leo nina umri wa kuweza kusema kwamba nusu yake ilikuwa kwa ajili yangu, nisionekane fundi niliyeshindwa kumvisha mwanangu mwenyewe. Usibebe hata chembe ya kosa hili. Wewe uliomba gauni, hukuomba wizi.

Nilitandika satini juu ya mkeka, nikalaza karatasi za mifuko ya saruji nilizozikata kwa umbo la vipande vya gauni, nikaanza kuzisogeza. Hapa nusu inchi, pale nusu inchi. Sketi ikapungua upana kidogo. Ile nafasi ya ndani ya mshono, ambayo kila fundi huacha ili nguo iweze kuongezwa, sikuiacha. Nilijua ninachofanya. Mkasi ulipomaliza, nilikuwa na kipande cha kutosha gauni lako, nikakikata siku ile ile ili nisije nikabadili mawazo. Kisha nikalishona gauni lako kwa kugeuza kitambaa, upande usiong'aa nje na upande wa maua ndani. Niliona nimetumia akili nyingi.

Wiki moja kabla ya harusi, Paulina alikuja kulijaribu akiwa na shangazi yake. Likapita mabegani vizuri, mikono ikakaa, shanga zikakaa. Nikaanza kufunga vifungo kutoka juu. Saba vya kwanza vilifungika. Vya kiunoni havikufika. Vilibaki mbali na vitanzi vyake kwa upana wa vidole vitatu, na nilivuta mpaka Paulina akashika ukingo wa ubao.

Shangazi alikuwa ameketi pale mlangoni. Akauliza, "Kulikoni?"

Ningeweza kusema nimekosea kukata. Maneno mawili tu. Fundi hukosea, watu hukasirika, siku tatu wanasahau. Lakini wangeuliza kitambaa kimekwenda wapi, na kilikuwa hapo hapo nyuma ya pazia, kimeshakuwa gauni la mtoto. Nikasema, "Bibi harusi amenenepa kiuno."

Nilisema kwa mzaha, kama tunavyowatania mabibi harusi. Lakini shangazi hakucheka. Aliinuka pole pole akamtazama mtoto wa kaka yake tumboni, na hapo ndipo nilipofahamu nilichokisema. Unalijua kanisa letu, Aika. Bibi harusi mjamzito havai shela, haimbiwi na kwaya, hufungishwa ndoa asubuhi ya siku ya kazi kama mtu anayekwenda kulipia leseni ya baiskeli. Neno "amenenepa" kwa msichana aliyebakiwa na wiki moja kuolewa si neno dogo.

Paulina akasema, "Fundi, pima tena."

Alisema kwa sauti ya kawaida kabisa. Aliniamini. Aliamini futi. Nikaizungusha kiunoni kwake, na huku mgongoni, ambako shangazi hakuona, nikaingiza vidole vyangu viwili chini ya futi, nikaibana hapo. Nikasoma kwa sauti: ishirini na tisa. Nikafungua daftari nikamwonyesha shangazi ile ishirini na saba ya mwezi wa nane. Tarehe ilikuwepo, mwandiko wangu mzuri ulikuwepo. Vidole vyangu alivihisi Paulina. Haiwezekani kwamba hakuvihisi, vilikuwa kwenye uti wa mgongo wake. Akageuza shingo akanitazama, na mimi nikaanza kukunja futi.

Hiyo ndiyo dakika, mwanangu. Nimekuwa nikiirudia miaka tisa. Wizi naweza kuueleza, nilikuwa na mtoto na nguo hazikuwepo. Vidole vile siwezi kuvieleza kwa mtu yeyote.

Siku ya tatu wakaja mama watatu wa baraza la kanisa. Waliketi, wakakataa chai. Mkubwa wao akaniambia, "Mama Aika, wewe ndiye mwenye futi. Tuambie."

Nikajibu, "Mimi napima nguo, sipimi tabia za watu. Kiuno kilikuwa ishirini na saba, sasa ni ishirini na tisa. Mengine siyajui."

Ona nilivyojibu! Kama mtu mwadilifu asiyependa umbeya. Walitoka wakinisifu kwa kuuzuia mdomo wangu. Hakuna aliyesema apelekwe hospitali akapimwe, na nadhani ni kwa sababu aibu ya kumpeleka ingekuwa kubwa kama aibu yenyewe. Paulina alikana, akalia, akakana tena. Mchumba wake Yohane, naye mwalimu, aliwaambia wazee kwamba yeye ndiye anayejua kama wamelala pamoja au la, na hawajalala, na kwamba atamwoa hata akiwa amevaa kanga. Wazee wakasema kijana anamtetea mwenzake, ndivyo vijana walivyo.

Walifunga ndoa Jumanne asubuhi. Gauni nililiongeza ubavuni, kutoka kwapani hadi kiunoni, kwa vipande viwili vya shuka nyeupe, kwa kuwa satini haikuwepo tena. Nilikwenda. Nilijilazimisha kwenda, maana fundi asipoonekana kwenye harusi watu huuliza. Alitembea kichwa wazi, mikono ameibana ubavuni kanisa zima, kuificha ile shuka isionekane. Mama mmoja nyuma yangu akanong'ona, "Ona anavyolificha tumbo." Sikugeuka kumwambia kitu.

Ukafika mwezi wa kumi na mbili. Krismasi ile nadhani unaikumbuka, kwa sababu uliimba ubeti wa kwanza peke yako. Kabla ya ibada mlikuwa mmepangwa nje, na mkanda wa gauni lako ukafunguka. Mimi nilikuwa mbali kidogo. Mwalimu Paulina alikuwa karibu, akapiga magoti akakufunga. Nilimwona anashika mkanda, anaacha kwanza kuufunga, kisha anaugeuza ndani nje kwa kidole gumba. Jua lilikuwa linamulika kwa upande. Aliyatazama yale maua kwa muda. Halafu akaufunga vizuri, akavuta fundo kulikaza, akakupapasa bega.

Aliponipita mlangoni alisimama. Nilidhani atapiga kelele, na Mungu anisamehe, nilikuwa tayari kukana. Akasema tu, "Mtoto amependeza, Mama Aika. Unajua kushona." Akaingia ndani akakaa na mumewe.

Tangu siku ile anajua, na tangu siku ile mimi najua kwamba anajua. Hakumwambia mtu. Nilifikiri kwanza anangoja nafasi ya kunilipiza, kwa sababu mimi ndivyo ambavyo ningefanya. Baadaye nilifikiri labda aliona hakuna atakayemsadiki, maana kipande cha mkanda hakiwezi kushindana na daftari lenye tarehe. Lakini sasa, nikikumbuka jinsi alivyolikaza lile fundo, nafikiri hakutaka kukuvua nguo mbele ya wenzako.

Nilijituliza kwa kusema miezi itamtetea. Tumbo halitaonekana, watu watahesabu, wataona aibu yao wenyewe. Kumbe sikuwajua watu. Miezi tisa ilipita, mtoto hakuja, na hawakusema "tulimsingizia." Walisema ameitoa mimba. Mtoto wake wa kwanza alizaliwa mwaka wa tatu, na hata siku ya ubatizo kulikuwa na mtu wa kusema kwamba huyu ni wa pili, wa kwanza anajua Mungu. Wanasema njia ya mwongo ni fupi. Yangu iliendelea tu, na aliyekuwa akitembea juu yake ni Paulina. Mwishowe yeye na Yohane waliomba uhamisho, wakapanda Endulen kwa wafugaji, mahali ambapo hakuna aliyewahi kusikia habari za kiuno chake.

Baada ya hapo nilibadilika, lakini usinisifu. Niliacha kuchukua vipande. Kila mteja namrudishia mabaki yake hata yawe ya upana wa kiganja, na wananiona mwaminifu kupita kiasi. Mama wa kanisa wamenitolea mfano kwenye semina. Nimekaa pale mbele nikipigiwa makofi kwa ajili ya tabia niliyojifunza kwa kumharibia msichana jina lake, nikatabasamu. Hilo nalo liweke kwenye hesabu ya aibu zangu.

Wiki iliyopita, baada ya ile barua ya mwalimu mkuu, nilikwenda kwa yule mama mkubwa wa baraza. Amezeeka, macho yamepungua. Nikamweleza yote, mpaka vidole. Akasema, "Mama Aika, hayo ni ya zamani. Yule si alishaolewa? Ana watoto. Ukifufua sasa, utatuaibisha sisi sote. Nimekusamehe, nenda kwa amani." Nilitoka nimesamehewa na mtu ambaye sikumwibia kitu. Njiani nilitaka kufurahi, nikashindwa. Nilimwambia pia kwamba nitasimama mbele ya usharika niseme, Jumapili ya wiki ijayo, si hii ya kesho. Alisema hataruhusu. Nitasimama hivyo hivyo. Wakinitoa, watu watauliza kwa nini nimetolewa, na jibu litatoka tu.

Kama kuna kitu nimejifunza ambacho nataka ukibebe, ni hiki kidogo. Utakuwa mwalimu, utakuwa na daftari la mahudhurio, la alama, la tabia. Watu wataamini unachokiandika kuliko wanavyomwamini mtoto anayesimama mbele yao akisema si kweli. Mtoto akikuambia "Mwalimu, hesabu tena," hesabu tena, na mikono yako yote iwe juu ya meza. Sina zaidi ya hilo. Mtu kama mimi hana haki ya kuwa na mawaidha mengi.

Nilikuwa nimepanga kuandika barua nyingine kwa Paulina uipeleke wewe. Nimeiandika mara nne. Ya kwanza ilijaa shida zangu, ya pili ilijaa Biblia, ya tatu ilikuwa fupi mpaka ikawa ya kiburi. Ya nne ilikuwa nzuri, na nilipoisoma nikaona nilichotaka kufanya: kukutuma mwanangu mlangoni kwa mtu niliyemdhulumu, na ombi langu la msamaha mkononi, ili akuonee huruma wewe na mimi nipone nikiwa huku Karatu nimekaa kwenye kiti changu. Ningekuwa nimekutumia mara ya pili. Nimezichana zote.

Kwa hiyo nimefunga na mimi begi langu. Lipo chini ya kitanda, ndiyo maana ulipofagia nilikukataza kuingia chumbani. Lori la mahindi linaondoka saa kumi na mbili asubuhi na nimeshaongea na dereva, nafasi ni mbili. Tukifika, utabaki barabarani na sanduku lako. Mimi nitatangulia kupiga hodi. Nitamwambia Paulina akiwa amesimama mlangoni kwake, kabla hujaingiza kitu chochote ndani, ili akitaka kutufukuza atufukuze bila kuuonea haya ukarimu alioahidi. Akitufukuza, ana haki, na usimnunie shuleni hata siku moja. Tutaomba pa kulala kwingine, na keshokutwa nitarudi peke yangu. Akikukaribisha wewe na kunikataa mimi, ingia. Usigeuke nyuma kunitazama. Akinikaribisha na mimi, sijui nitafanya nini, sijajiandaa kwa hilo.

Barua hii nitaiweka juu ya sanduku lako, uikute ukirudi. Isome yote. Sitakuuliza chochote leo, nitajifanya nina kazi ya kumalizia. Najua kuanzia kesho hutaniita mama kwa sauti ile ile, na nimelia kwa ajili ya hilo kuliko kwa ajili ya lolote jingine, jambo ambalo nalo linanitia aibu, kwa kuwa Paulina alipoteza zaidi.

Nafasi mbili za kwenye lori si za pamoja. Moja ni mbele kwa dereva, ya pili ni nyuma juu ya magunia. Ya mbele ni yako, mwalimu. Mimi nitakaa nyuma, na huna haja ya kuzungumza nami njia nzima.

Mama yako,
Eliwaza